Anko Atapiga Tena

Habari ya msiba wetu niliipata sokoni Isiolo, kwa mwanamke ambaye hata si jamaa yangu. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mitungi ya maziwa ya ngamia ilikuwa imeshushwa, nami nilikuwa nimeinama nikinusa kifuniko kimoja baada ya kingine, maana maziwa yaliyoanza kuharibika pua huyajua kabla ya ulimi. Mwenzangu wa meza ya jirani akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Poleni sana," akasema. "Mungu amrehemu. Yule alikuwa mama wa watu wote."

"Nani?"

Akauachia mkono wangu. Nikaona usoni mwake kwamba amejuta kufungua mdomo.

Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, alikuwa amefariki Jumamosi mchana kule kijijini Biliqo, na alikuwa amezikwa kabla ya magharibi. Dereva aliyetoka mji jirani wa Merti alfajiri ndiye aliyeleta habari, na soko zima la maziwa lilikuwa linaijua. Mimi ambaye mama huyo alinichukua nikiwa na miaka minne, akaninyoa, akanifundisha kusali na kukama, nilikuwa nimelala usingizi wangu vizuri, nikaamka, nikachemsha chai, nikaja kazini nikitaniana na watu wa bodaboda.

Hasira yangu ya kwanza nilimtupia kaka yangu, ambaye alikuwa akiishi na mama mkubwa. Nilimpigia hapohapo, mikono ikinuka maziwa, nikabahatika kumpata mahali penye mtandao.

"Mmemzika bila kuniambia? Mimi ni nani kwenu?"

Nilimsikia akisogea mbali na watu.

"Tulikupigia," akasema. "Mara saba. Ile laini yako ya zamani. Ilikuwa inalia, halafu inakatwa. Inalia, inakatwa. Mwisho tukaacha."

Lazima nieleze habari ya simu hizo. Ninazo mbili. Moja ni ndogo ya vitufe, mulika mwizi, ambayo naenda nayo sokoni kwa sababu haiogopi maji wala wezi. Nyingine ni ile kubwa ya kioo ambayo mume wangu, dereva wa lori la mifugo, aliniletea kutoka Nairobi. Hiyo ndiyo ina laini ambayo watu wa nyumbani wanaijua tangu zamani, na hiyo huiacha nyumbani. Nyumbani alikuwa binti yangu, miaka kumi na mmoja, gredi ya sita.

Na Jumamosi ile niliporudi wakati wa alasiri, kabla sijavua hata viatu, nilimuuliza kama ninavyomuuliza kila siku, "Kuna mtu amepiga?"

"Hakuna, mama."

Sasa nilikuwa natembea kurudi nyumbani na sikumbuki nilipita wapi. Nilimkuta ameketi kwenye stuli uani, simu ameishika kwa mikono miwili, vidole gumba vikicheza juu ya kioo. Hakuinua macho. Nikaichukua mikononi mwake, nikafungua orodha ya simu zilizoingia. Jumamosi. Jina la kaka yangu, mara saba, na mbele ya kila moja alama nyekundu ya simu iliyokataliwa. Ya kwanza na ya mwisho zilipishana dakika kumi na nane.

"Ni nani alikata hizi?"

Akaangalia chini.

"Nimekuuliza!"

"Tulikuwa fainali," akasema. "Nilidhani atapiga tena."

Nilimpiga kofi. Sitalificha hilo, wala sitalipamba. Nikamwambia, "Nyanya yako amekufa, watu wananipigia simu, na wewe ulikuwa unacheza karata." Alinitazama kama mtoto ambaye ameambiwa kitu kwa lugha asiyoijua. Halafu akaelewa, na uso wake ukabadilika rangi, nami sikumhurumia. Siku ile sikuwa na huruma hata tone.

Mchezo wenyewe nilikuwa nimeuona mara nyingi bila kuutazama. Ulifika kwetu likizo ya Aprili, umeletwa na rafiki yake wa shule. Kila mchezaji ana kadi nane. Kadi moja ni fisi, nyingine mpiga mshale, nyingine jitu la mawe, nyingine moto. Unaitupa kadi uwanjani na mnyama wake anaamka anapigana, na mtu mwingine mahali usipopajua anatupa yake, na baada ya dakika chache mmoja amebomolewa mnara wake. Ukishinda unapanda ligi, ya shaba, ya fedha, ya dhahabu. Ukishindwa unashuka. Mwanzoni nilifurahi. Alikuwa anajumlisha haraka kuliko mimi, Kiingereza chake kilikuwa kimefunguka, na alikuwa ndani ya nyumba, nikitoka namwacha ameketi na nikirudi namkuta ameketi. Ndiyo, nilifurahi. Mtoto aliyeketi ni raha kwa mama mwenye kazi, na waliotengeneza mchezo ule wanalijua hilo kuliko ninavyolijua mimi.

Watu wakisikia kisa hiki huniuliza kwanza mtoto alikula pesa ngapi mchezoni. Hakula hata shilingi moja. Huwa wanaonekana kufarijika, kana kwamba basi hakuna kilichopotea.

Jumatatu tulipanda gari la Merti, mimi na binti yangu. Tulifika Biliqo jua likielekea kuzama, vumbi limetugeuza rangi. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka mbele ya nyumba, nikapita nikiwashika mikono mmoja baada ya mwingine, nikilia kilio ambacho nilikuwa nimekibana tangu jana. Binti yangu alinifuata nyuma akishika shuka langu kama mtoto mdogo.

Kaka yangu alinichukua pembeni akanieleza. Mama mkubwa alishikwa na kifua Ijumaa. Jumamosi asubuhi walikuwa wanangoja gari la kumpeleka hospitali, likachelewa, naye akasema anataka kuzungumza na mimi. Pale nyumbani mtandao haushiki. Unashika nyuma ya msikiti, kwenye kipande kidogo cha ardhi ambapo vijana huenda kusimama. Basi wanaume wanne wakalishika godoro pembe nne, wakambeba mama mkubwa mchana ule wa jua kali mpaka nyuma ya msikiti, na mke wa kaka akamfunika kichwa kwa khanga. Kaka akapiga, akamwekea simu sikioni.

"Alikuwa anasikia inavyolia," kaka alisema. "Ikikatwa ananiangalia. Nampigia tena."

"Mara saba."

"Mara saba. Ya saba ilipokatwa, akaisukuma simu kwa mkono. Akasema, 'Ana kazi na maziwa. Mwacheni.'"

Nilikaa chini palepale, kwenye mchanga.

Ana kazi. Maishani mwake mwote mama huyo alikuwa amewachunga watu wasinisumbue. Nikiwa shule alinifichia ndoo ili nisitumwe maji wakati wa mtihani. Sasa alikuwa amekufa akiilinda kazi yangu, ambayo siku ile ilikuwa imekwisha mapema. Nilimuuliza kaka alitaka kuniambia nini. Hajui. Hakumwambia mtu. Labda lilikuwa jambo kubwa, labda alitaka tu kuuliza watoto wanaendeleaje. Sitalijua, na hapo ndipo hasira inapokuja kukaa hata leo, kwenye lile nisilolijua.

Kaka aliniuliza, polepole, "Kwani simu ilikuwa na nani?"

Nilikuwa na jibu tayari. Tangu asubuhi nilikuwa nimeliandaa: ningesema simu ilikuwa mbovu, au nilikuwa nimeiacha kwenye chaji. Marehemu mwenyewe alishanipa kisingizio. Kabla sijafungua mdomo, binti yangu, ambaye sikujua amesimama karibu, akamwambia mjomba wake kwa Kiborana chake kibovu cha mjini, "Ni mimi, abuya. Mimi nilikata."

Kaka alimtazama. Nilimwona akivuta pumzi, nikajua sasa atampigia kelele, na nikawa namtaka afanye hivyo. Hakufanya. Alinigeukia mimi.

"Simu ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Haya," akasema, akaondoka kwenda kuwapokea wanaume waliokuwa wamefika.

Neno hilo moja lilinichoma kuliko kama angenitukana. Usiku na mchana wa siku tatu tulizokaa pale nilikuwa nalijibu swali lake moyoni. Unafikiri mimi nilitaka? Unafikiri sokoni nacheza? Nani angekaa naye? Na kila nilipomaliza kujibu, swali lilikuwa bado liko palepale.

Tuliporudi Isiolo, niliketi na ile simu nikaufungua mchezo mwenyewe. Nilitaka kuona ni kitu gani mtoto wangu alishindwa kukiweka chini kwa muda wa kusema "salaam aleikum, mama hayupo". Kabla ya kucheza niliona mahali pa maandishi. Kumbe walikuwa kikundi, watoto wengi wa mjini, na juu yao mmoja wanayemwita kapteni. Nikarudi nyuma hadi Jumamosi. Fainali ilikuwa ya raundi tatu, wawili kwa wawili, na kati ya raundi moja na nyingine walikuwa wakiandikiana. Binti yangu alikuwa ameandika, "Napigiwa simu. Ni anko wangu." Kapteni akajibu, "Kata. Ukitoka sasa unatushusha wote." Baadaye kidogo binti yangu, "Anapiga sana. Naogopa." Na kapteni, "Anko atapiga tena. Fainali hairudi."

Nilisoma mstari huo labda mara kumi. Nilidhani atapiga tena. Maneno niliyompigia kofi hayakuwa yake. Alikuwa amepewa.

Nikacheza. Nitasema kweli: nilicheza mchana mzima na kesho yake. Nilishindwa, nikashindwa, halafu nikashinda, na taa zikamwagika kioo kizima na sanduku likafunguka likatoa kadi ya chui, na nikasikia furaha ya kipumbavu kifuani, mimi mwanamke mzima mwenye msiba. Nikaona jinsi mtego ulivyotegwa. Ukitaka kutoka katikati, mchezo unakuletea maandishi makubwa: una hakika? Utapoteza nyota zako. Mwenzako ataachwa peke yake. Mtu mzima fulani, ofisini kwake, alikaa akaandika maneno yale, akachagua rangi yake nyekundu, akajua yanakwenda kusomwa na mtoto.

Nikiwa kwenye raundi, nimebakiza mnara mmoja, simu iliita. Ilikuwa namba ya mume wangu. Na nikasita. Niliona jina lake, nikaona fisi wangu anakimbia kuelekea mnara, na kidole changu kikabaki hewani. Ilikuwa kitambo kifupi tu, nikapokea. "Mbona umechelewa kupokea?" akauliza. Nikamwambia nilikuwa nafua. Nilikuwa nimemdanganya mume wangu kwa ajili ya fisi wa kuchorwa, na mimi nina miaka arobaini.

Nikamwita binti yangu. "Kapteni ni nani?"

"Ni yule wa kutengeneza simu. Karibu na stendi."

"Mtoto wa nani?"

"Si mtoto, mama. Ni mtu mkubwa. Ana ndevu."

Sikuvaa hata viatu vya maana. Nilikwenda na ndara, mtungi mtupu mkononi, maana nilikuwa nimesahau kuuweka chini. Duka ni dogo, kaunta ya kioo yenye chaja na vifuniko vya simu, na nyuma yake kijana mnene kidogo, mpole wa sura, akitengeneza simu ya mteja kwa bisibisi ndogo. Wateja wawili walikuwa wamesimama.

"Wewe ndiye kapteni wa watoto?"

Akacheka. "Karibu mathe. Ni mimi. Unataka kujiunga?"

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na moja. Kwani?"

Nikamwekea simu juu ya kioo, nikamwonyesha. "Soma."

Akasoma. Nikaona hakumbuki. Kwake ilikuwa Jumamosi kama nyingine.

"Aah, hii. Tulishinda hii," akasema. "Msichana wako ni moto sana. Ako na akili."

"Huyo anko alikuwa kaka yangu. Alikuwa na mgonjwa anayekata roho. Alipiga mara saba, na wewe ukamwambia mtoto wangu akate."

Aliweka bisibisi chini. "Woi, pole mathe. Lakini mimi ningejuaje? Hii ni gemu tu."

"Kama ni gemu tu, mbona hukumwambia apokee?"

Akawatupia macho wateja.

"Alikwambia anaogopa. Mtoto wa miaka kumi na mmoja amekwambia wewe, mtu wa ndevu, anaogopa. Ukamwambia nini? Soma kwa sauti. Hawa wateja wasikie."

"Mathe, usiniharibie biashara."

Basi nikasoma mwenyewe. Nilisimama mlangoni, mgongo wangu barabarani, nikasoma mstari kwa mstari kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Bodaboda walizima pikipiki. Mama wa mboga akasimama. Nilipofika kwenye "fainali hairudi" nikainua simu juu nirudie, na maneno hayakuwepo. Mahali pake palikuwa na mstari wa kijivu ukisema ujumbe umefutwa. Nikatazama kaunta. Alikuwa ameinamisha kichwa, simu yake mkononi, anafuta mmoja mmoja, huku mimi nasoma.

Nilipiga mtungi kwenye kaunta. Kioo hakikuvunjika, ni wa plastiki ule mtungi, ukaruka ukaangukia barabarani. Mama wa mboga alinishika kiuno akanitoa nje, akiniambia kwa Kimeru maneno ya kutuliza ambayo sikuyaelewa yote. Nyuma yangu nilimsikia kijana akiwaambia wateja, "Ako na msiba. Mwacheni tu."

Hata yeye. Mwacheni.

Binti yangu aliondolewa kikundini kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta amejikunja kitandani analia kwa kwikwi. Nikasimama mlangoni nikimtazama, na wazo baya likanijia: huyu analilia kadi zake. Kwa nyanya yake hakulia hivi. Nikamwuliza, kwa ukali, "Unalia nini?" Akasema hajui. Nikamwuliza tena, akasema, "Yote." Nililala kando yake juu ya mashuka, na viatu vyangu vya vumbi, mpaka kilio kikaisha. Sikumwomba msamaha wa kofi siku ile. Nilimwomba wiki iliyofuata, tukichambua mchele, bila kumwangalia, naye akasema "sawa" bila kuniangalia.

Niliwatembelea akina mama wanne ambao watoto wao wapo kwenye kikundi kile. Wawili waliufuta mchezo mbele yangu. Wa tatu alisema atazungumza na mumewe. Wa nne, ambaye tumejuana tangu tulipokuwa wasichana, alinipa chai, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada, wangu akiwa na simu najua yuko wapi. Wa jirani yangu anatafuna miraa stendi. Unataka nichague nini?" Nilimchukia kwa muda, halafu nikakumbuka furaha yangu mwenyewe ya likizo ya Aprili.

Kijana wa simu bado yuko pale. Juzi nilipita, kulikuwa na watoto watatu wa sare za shule wameegemea kaunta, vichwa vimegusana. Akaniona, akainua mkono kunisalimia kwa heshima kabisa. Simu kubwa sasa naenda nayo sokoni, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya shuka, na laini ya zamani nimeihamishia kwenye ile ndogo. Kaka anapiga mara moja moja. Tunazungumzia mvua na mifugo. Ile Jumamosi hatuitaji.

Mwalimu wa madrasa ya binti yangu aliniambia hasira hutoka kwa shetani, na shetani ni wa moto, na moto huzimwa kwa maji, basi ikinijia nitawadhe. Ni mtu mzuri, najua ananitakia heri. Natawadha. Naswali, namwombea mama mkubwa, naukunja mkeka, naingia jikoni, na bado ipo.